Mwanya wa Hatua Mbili

Mwandu alikubali kuwa seli ya ubongo kabla hajaambiwa seli ni kitu gani. Binti yake Scola alimfuata zizini Jumatatu jioni akamwambia, "Baba, naomba Jumamosi uje shuleni uwe seli." Mwandu wakati huo alikuwa amemkalia ndama ili apigwe sindano, akajibu kwamba sawa, atakuja, atakuwa. Mtu aliyekalia ndama haulizi maswali mengi. Ndama alipigwa sindano, akaachiwa, akakimbilia kwa mama yake, na ahadi ikabaki palepale zizini.

Na kwa Mwandu ahadi si mchezo. Huyu ni Msukuma aliyeingia Katavi akiwa kijana, kwa miguu, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, akaweka boma upande huu wa Sitalike, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kusema Mwandu alitamka ndiyo ikageuka hapana. Mbishi ni mbishi, hilo hata mke wake atakuambia bila kuulizwa. Akianza kushauri mambo ya ng'ombe hanyamazi mpaka ng'ombe wenyewe waondoke. Lakini neno lake analishika.

Safari hii neno lenyewe lilikuwa zito. Scola alikuwa kidato cha nne kwenye shule ya kata, na kulikuwa na mashindano ya sayansi ya shule za mkoa. Mshindi mmoja tu ndiye angekwenda Dar es Salaam kwenye maonesho makubwa, na huko waliofanya vizuri walikuwa wanasomeshwa kidato cha tano na cha sita, masomo ya sayansi, bweni, kila kitu. Asiyepata anarudi nyumbani. Na nyumbani mashangazi wa Scola walishaanza kuulizana nani ana kijana mwenye ng'ombe wa kutosha. Scola alimuuliza baba yake waziwazi, "Nikishinda je?" Mwandu akasema, "Ukishinda, mashangazi nawafukuza mwenyewe, na fimbo." Hiyo ikawa ahadi ya pili.

Alhamisi wakaitwa shuleni kufanya mazoezi. Watu wazima kumi, maana sheria ya mashindano ilitaka kila kazi ishirikishe jamii, na jamii ndiyo hiyo: Prisila muuza maandazi, Ngusa dalali wa mnadani, Lyamba mrina asali wa kule Ugalla anayeongea mpaka nyuki wanamchoka, Zablon mzee wa kanisa, mlinzi wa shule, mpishi, na wazazi wengine. Mwalimu wa baiolojia alikuwa kijana wa Katumba aitwaye Rénovat, ambaye babu zake walitoka Burundi, mrefu, mpole, wa kuomba samahani hata kwa dawati akiligonga. Aliwakalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu, akamwachia Scola ubao.

"Mtoto akiwa tumboni," Scola alisema, "ubongo wake unajengwa na seli nyingi kuliko ng'ombe wote wa mkoa huu."

"Nani anazichunga?" Mwandu akauliza.

"Hakuna anayezichunga, baba."

Mwandu hakulipenda hilo, akakunja uso. Scola akaendelea kwamba hakuna fundi mle ndani, hakuna ramani, na ni giza. Kila seli inatoa mkono mwembamba, mrefu, unaokwenda ukipapasa. Kwenye ngozi ya kila seli kuna vitu vidogo sana ambavyo mwalimu alikuwa anaviita molekuli za mnato. Mkono ukigusa seli nyingine, molekuli za huku na za kule zinajuana au hazijuani. Zisipojuana, mkono unapita, unakwenda kupapasa mbele. Zikijuana, zinanatana, na hapo ndipo seli mbili zinapoanza kupeana habari. Ya kwanza inanata na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka njia inakamilika kutoka kwenye jicho hadi kwenye mguu, na ndiyo maana ukiona nyoka unaruka kabla hujafikiria.

"Kumbe ni kama alama tunazowachoma ng'ombe," alisema Mwandu.

"Ni kama alama, baba, ila zinasomwa kwa kupapasa."

Hapo Mwandu akaridhika. Jambo likishafika kwa ng'ombe, yeye ameshaelewa, na wengine wakichelewa atawaeleza yeye.

Onyesho lenyewe lilikuwa hivi. Kila mtu anavalishwa vikanda vya gunia kwenye viganja vya mikono, na kila kikanda kimeshonewa kitu: vizibo vya soda, vifungo, mbegu za ukwaju, punje za mahindi, kipande cha ngozi na vinginevyo, jozi tisa, isipokuwa viwili vitupu vya mtu wa mwanzo na wa mwisho. Vikanda vinachotwa kwenye mfuko bila kuangalia, ili jaji asiseme mmepangana. Kisha wote wanafungwa vitambaa machoni, wanapapasana. Mkono wa kulia unatafuta mkono wa kushoto wenye kitu kilekile. Ukiupata unaushika, unatulia. Wote wakishashikana, jaji anamminya mkono mtu wa kwanza, yule anamminya wa pili, wa pili anamminya wa tatu, na wa mwisho akiminywa anapiga rimu ya lori inayotumika kama kengele ya shule. Rimu ikilia, mzunguko umejengeka, na hakuna aliyeuchunga.

Kulikuwa na tatizo moja tu, na lilikuwa kubwa. Katika mchujo wa kwanza, Mpanda mjini, jaji mkuu Bwana Optatus aliangalia michoro ya Scola kwa muda mrefu, akaandika chini kwa wino mwekundu: *Kazi nzuri. Lakini seli hazipeani habari kwa kugusana. Kati yake kuna mwanya mdogo sana. Ya kwanza inaweka ujumbe mwanyani, ya pili inauokota. Mwanya wako uko wapi? Na nini kinazifanya pande mbili zisiachane? Nitakuja kuona.* Scola aliyasoma maneno hayo mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo.

Na alijaribu, mtoto wa watu. Alhamisi hiyohiyo aliwasimamisha hatua mbilimbili bila kushikana, warushiane kijiti. Hazikupita dakika tatu, Lyamba akawa ameshatoka kwenye mstari kwenda kuomba maji, Prisila amegeuka kuangalia nani anagusa maandazi yake, Ngusa anaongea na simu kuhusu beberu, na kijiti kimelala chini hakina mwenyewe. Akiwashikanisha mikono, mwanya hakuna. Akiwapa mwanya, mstari hakuna. Mwishoni Scola akasema tutashikana tu, mwanya nitaueleza kwa mdomo. Aliyasema akiangalia ubao, na Mwandu akajua kwamba mtoto wake ameshaanza kushindwa.

Sasa hapa inabidi nimlete mama mkwe. Msinilaumu, alikuja mwenyewe.

Kabula, mama wa mke wa Mwandu, alifika Ijumaa kutoka Kasansa akiwa na kuku wawili na kopo lake la ugoro, kuja kumwangalia mjukuu akishindana. Na Kabula akifika, boma zima linabadilika. Kwa watu hawa mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, hata jina hawatajiani. Mwandu anaanza kupita mlango wa zizini. Akisikia kikohozi chake kwenye njia, anaingia kichakani bila kuchagua kichaka, na mara mbili ametoka na miiba sehemu ambako mke wake ndiye aliyeitoa. Watu wengine siku hizi wamelegeza, wanasalimiana hata kwa simu. Kabula hajalegeza, na Mwandu naye hajamwomba alegeze.

Wakitaka kupeana kitu, anayetoa anakiweka chini katikati, anarudi nyuma, anaangalia pembeni. Anayepokea anakuja, anainama, anaokota. Hatua mbili kila upande, haizidi, haipungui. Wakitaka kuongea na hakuna mtu wa katikati, Kabula anaongea na chochote kilicho karibu. "Wewe mtungi," atasema, "mwambie aliyesimama pale kwamba mbuzi wake wamo kwenye mihogo." Mwandu anamshukuru mtungi, anakimbia kwenye mihogo. Miaka kumi na minane wameishi hivyo, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyepata nafuu kwa sababu ya utaratibu huo.

Jumamosi asubuhi watu walijaa uwanjani. Bwana Optatus alishuka kwenye gari, mtu mfupi mwenye miwani na daftari, uso wake haukuonyesha kama amekula au hajala. Vikanda vikachotwa, macho yakafungwa. Mwandu alikuwa wa kwanza kufungwa kitambaa, maana alitaka watu waone yuko tayari. Na kwa sababu hiyo hakuona kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba Zablon hakutokea. Alituma ujumbe kwamba tembo wameingia kwenye mahindi yake toka alfajiri na yuko huko anapiga debe kuwatimua, wamwombee. Seli zikabaki tisa. Jaji akaangalia saa. Scola akazungusha macho uwanjani, akaona wazazi waliobaki wote wana watoto mgongoni au wameshaanza kuondoka kidogokidogo kama watu wanaoombwa kujitolea, akamwona bibi yake amekaa benchi la mbele. Alijua hatari ilipo. Alipiga hesabu hapohapo kichwani: watu kumi, jozi za jirani ni tisa, jozi zote ni arobaini na tano, kwa hiyo uwezekano wa baba na bibi kuangukiana ni mmoja kati ya mitano. Akasema moyoni kwamba nne kati ya tano ni nyingi. Akamshika bibi mkono, akamvalisha vikanda, akamfunga kitambaa, na Kabula, aliyekuja kumsaidia mjukuu, hakuuliza seli ni nini wala akina nani wengine wamo.

Mwalimu Rénovat akasema samahani, anzeni.

Zikaanza seli kumi kupapasa. Kama hujawahi kuona watu wazima kumi wamefungwa macho wanatafutana viganja mbele ya shule nzima, basi kuna kicheko hujakicheka. Ngusa alimpapasa mlinzi mpaka mlinzi akamwambia amesharidhika. Prisila alishika mlingoti wa bendera, akauuliza una nini. Mwandu alikwenda mkono wa kulia umetangulia, kidole kikisoma vikanda. Vifungo, siyo. Mahindi, siyo. Yeye kulia alikuwa na mbegu za ukwaju. Mara mkono wenye nguvu ukamdaka kushoto, kizibo kwa kizibo, na sauti ya Lyamba ikasema sikioni, "Nimekupata, ndugu yangu, mimi na wewe mpaka kifo."

"Tulia wewe," alisema Mwandu, na akaendelea kunyoosha mkono wa kulia.

Kidole chake kilikuwa kimebakiza kama upana wa kiganja kufika mahali, alipoisikia harufu ya ugoro. Kisha kikohozi. Kikohozi kifupi, cha mh-hm, ambacho amekisikia nyuma ya fito na vichaka kwa miaka kumi na minane, na ambacho miguu yake inakijua kuliko masikio. Mwandu aliruka nyuma kwa nguvu zote, Lyamba akaruka naye kwa sababu hakumwachia, na waliokuwa nyuma ya Lyamba wakavutwa mpaka Prisila akakaa chini.

"Fungueni macho," alisema Scola, na sauti yake ilikuwa imeshaelewa.

Wakafungua. Mstari ulikuwa umetoka mzuri kuliko ule wa Alhamisi, toka kwa Prisila hadi kwa Ngusa aliyesimama na chuma cha kugongea chini ya rimu, kila mtu na mwenzake. Isipokuwa katikati. Katikati alisimama Mwandu, mkono wa kulia una mbegu za ukwaju, na mbele yake alisimama Kabula, ameinamisha uso ndani ya khanga, mkono wa kushoto una mbegu za ukwaju. Ile moja kati ya tano ilikuwa imekuja yenyewe mpaka uwanjani.

Wasukuma wote waliokuwepo waligeuza nyuso pembeni. Wengine waliuliza kuna nini, wakaelezwa kwa kunong'onezwa, nao wakageuza.

"Binti," alisema Bwana Optatus, "mzunguko wako umekatika."

Mdomo wa chini wa Scola ulianza kutetemeka, na alipofanya hivyo alikuwa na miaka mitatu tena, siku ile ndama wake alipokufa na akakataa kula. Mwandu aliona. Moyo ulimuuma, ulimuuma kabisa, kama mtu aliyepigwa teke na dume. Alijiambia kwamba amefanya ahadi. Alijiambia kwamba ni mkono tu, mfupa na ngozi, funga macho ushike, dunia haitaisha. Akapiga hatua moja mbele. Kabula akapiga hatua moja nyuma, na kwa kuwa alikuwa ameshikwa upande wa pili, mlinzi na mpishi na wote mpaka Ngusa wakarudi nyuma hatua moja. Mwandu akaona aibu, akarudi nyuma. Kabula, asiyetaka kumharibia mjukuu, akasogea mbele, na mstari mzima ukasogea naye. Wakaenda hivyo mara tatu, mbele na nyuma. Ngusa alilalamika kwamba rimu inamkimbia.

Bwana Optatus aliacha kuandika. Alikuwa anaangalia ardhi kati ya wale wawili.

"Endelea," alisema. "Mminye wa kwanza."

"Lakini jaji, pamekatika," alisema Scola.

"Nimeona. Endelea."

Scola akaenda kwa Prisila, akamminya mkono bila matumaini. Prisila akamminya jirani yake, na habari ikaja, mkono kwa mkono, mpaka kwa Lyamba, ambaye hajui kuminya kidogo. Vidole vya Mwandu vililia. Sasa habari ilikuwa imefika kwake, imo mkononi, na haina pa kwenda. Mwandu hajawahi kujisikia vile. Alisimama na kitu cha mtoto wake, kitu ambacho watu wanne wamekibeba salama, na yeye ndiye wa kukidondosha.

Wala hakufikiria. Angefikiria angekosea. Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni wenyewe, mle ambamo huwa hakukosekani karanga, ukatoka na punje moja. Akainama. Akaiweka chini, katikati. Akarudi nyuma mahali pake, akaangalia pembeni, kwenye choo cha walimu.

Kabula akaja, akainama, akaokota. Na alipoishika tu ile karanga, mkono wake wa kulia ukamminya mlinzi.

Mlinzi akamminya mpishi. Mpishi akaminya, wakaminya, wakaminya, na Ngusa, aliyekuwa ameshakata tamaa anaangalia simu, akashtuka akaipiga rimu mara nne badala ya moja. Mlio ulikwenda mpaka barabarani. Watoto wa shule ya msingi ya jirani walitoka darasani wakidhani ni mapumziko, na Jumamosi hiyo walikuwa kwenye masomo ya ziada, kwa hiyo hawakurudi.

"Rudieni," alisema Bwana Optatus.

Wakarudia. Karanga chini, hatua nyuma, macho chooni, karanga juu, rimu. Akasema tena. Mara ya nne akatoa futi ya kamba mfukoni, akapima toka vidole vya miguu ya Mwandu hadi vya Kabula, akaandika. Mara ya tano akapima tena, akaona haijabadilika hata nusu kiganja, akavua miwani akaifuta.

"Nani amewafundisha hawa wazee?" alimuuliza Scola.

Kila mtu alijua jibu ambalo lingempendeza jaji, kwamba ni yeye Scola. Mwalimu Rénovat alimtolea macho mwanafunzi wake kabisa. Scola akasema, "Hakuna aliyewafundisha. Huyu ni baba yangu na yule ni mama mkwe wake. Hawaruhusiwi kugusana. Sikupanga, jaji. Niliogopa isije ikatokea."

"Sawa. Lakini umeona nini?"

Scola aliangalia nafasi iliyobaki kati ya baba yake na bibi yake. Kisha uso wa mtoto ukabadilika. "Mimi nilidhani mnato ni kushikana," alisema polepole. "Siyo. Molekuli za mnato hazipitishi habari. Zenyewe zinazikalisha seli mbili zielekeane, zisikaribiane mno, zisiachane, ili mwanya ubaki uleule. Habari inawekwa mwanyani, mwingine anaiokota. Hawa wengine niliwapa mwanya wakaondoka, kwa sababu hakukuwa na kitu kinachowashikilia. Hawa wawili kipo."

"Kitu gani?"

"Ukwe, jaji."

Lyamba akasema amina, akakanyagwa mguu.

Bwana Optatus akamgeukia Mwandu. Pengine lilikuwa swali la mashindano, pengine alitaka tu kujua. "Mzee, mbona humkimbii? Kama hamruhusiwi, si ungeondoka tu kabisa ukakaa mbali?"

Mwandu alimtazama mtu huyu wa mjini kwa mshangao. "Nimkimbie niende wapi? Ni mama wa mke wangu," alisema. Angeishia hapo, lakini yeye si mtu wa kuishia. "Huyu mtoto alipozaliwa, mke wangu alilala siku nyingi hajiwezi. Mvua ilikata barabara, majirani hawakuweza kuvuka. Mama alikuwepo. Kila alfajiri nilikuta bakuli la uji limewekwa kwenye njia ya zizini, limefunikwa na jani. Mimi nilikuwa naweka kibuyu cha maziwa palepale. Siku kumi na nne. Sikumwona uso hata mara moja, na sikulala njaa hata siku moja. Sasa unaniuliza kwa nini sikimbii."

Alipomaliza akatafuta pa kuweka macho, akayarudisha kwenye choo cha walimu.

Jaji alivaa miwani. Akasema shule nyingine mbili alikwisha kuziona jana, moja ina roketi ya chupa na nyingine ina vifaranga wa kuanguliwa kwa taa, zote nzuri. Akasema aliuliza swali moja kwa wino mwekundu na leo limejibiwa, kwa hiyo binti ajiandae kwenda Dar es Salaam. Akaongeza, kabla makofi hayajaanza, kwamba kuna sharti: lazima aende na wazee hawahawa wawili. Wengine anaweza kuwatafuta huko huko, seli za kushikana mikono zipo kila mahali.

Makofi yakapigwa, vigelegele vikapigwa, Mwalimu Rénovat akalia na kuomba samahani kwa kulia. Scola alimrukia baba yake shingoni, kisha akakimbia akamrukia bibi yake, maana yeye sheria haimhusu. Mwandu aliwatafuta mashangazi kwenye umati, akawaona wawili nyuma ya Prisila, akawaonyesha fimbo. Walielewa.

Kisha ndipo akili ikamrudi, akaanza kuona safari. Treni ya kutoka Mpanda, siku mbili, mabehewa yenye viti vinavyotazamana. Hatua mbili atazipata wapi ndani ya behewa? Na chakula, na vituo, na lile giza la kulala. Akamuuliza Lyamba kama treni ina kichaka. Lyamba alicheka mpaka akamwachia mkono, ambao muda wote huo alikuwa bado ameushika.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwandu alibaki karibu na rimu, anafungua kikanda cha ukwaju kwa meno. Akasikia mh-hm nyuma yake. Hakugeuka. Kichaka hakikuwepo, kwa hiyo alisimama tu.

"Wewe chuma," Kabula aliiambia rimu ya lori. "Mwambie baba wa mjukuu wangu, miaka yote hii nilikuwa najua binti yangu nimempa mtu. Ila sikuwahi kupata wa kumtuma."

Rimu haikusema kitu. Mwandu alitafuta na yeye wa kumtuma, akakiona kile chuma cha kugongea ambacho Ngusa alikiacha chini.

"Mwambie mama," alikiambia, na sauti ikamponyoka, ikatoka nyembamba kama ya kijana, "mwambie uji ule sijausahau. Na kwenye treni yeye akae dirishani, mimi nitasimama mlangoni mpaka Dar."

Akatoa mfukoni karanga zote zilizobaki, pamoja na karatasi yake, akaziweka chini, akarudi nyuma hatua mbili. Kabula akaja akaokota. Alichambua punje moja, akaiacha pale alipozikuta, akaenda zake benchini kumsubiri mjukuu.

Mwandu aliinama, akaiokota, akaila.